Kuchagua shule ya kaiti Paje au Diani: kagua nini kabla ya kulipa

Kusi ikishika, anga ya Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, hujaa kaiti za kila rangi, na ukitembea ufukweni unapita bango la shule baada ya bango. Zote zina vifaa vya rangi nzuri, na zote zinasema usalama kwanza. Tofauti kati ya shule huonekana mahali pawili: dakika chache za kurusha na kushusha kaiti, na siku ambazo shule inakataa kufundisha. Shule ambayo haijawahi kumwambia mteja "leo hapana" isikushawishi, hata ikiwa na vyeti ukuta mzima.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kaiti ni tiara kubwa yenye mirija ya kujazwa hewa, kwa kawaida mita za mraba 5 hadi 14, iliyofungwa kwenye fimbo kwa kamba nne za mita 20 hadi 24. Fimbo imeunganishwa na hanesi, yaani mkanda mpana wa kiunoni wenye kulabu, na miguu iko kwenye ubao. Nguvu ya kaiti haipandi sawasawa na upepo. Upepo ukitoka noti 14 ukafika noti 20 (noti ni kipimo cha mwendo wa upepo baharini), mvuto unakuwa maradufu. Ndiyo maana ajali mbaya nyingi za mchezo huu hutokea karibu na nchi kavu, mtu anapoburutwa au kunyanyuliwa kuelekea mnazi, ukuta wa hoteli au mashua iliyotia nanga.

Hatua ya 1: Chagua msimu na ufuo kabla ya shule

Pwani yetu ina misimu miwili ya kaiti. Kaskazi huvuma takriban katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Kusi hutegemewa zaidi kuanzia Juni hadi Septemba. Masika na vuli upepo hukatika, hugeuka, au huja na wingu la mvua. Anayekuuzia kozi ya siku tatu mwezi wa Aprili bila kukueleza hilo ameshajieleza yeye mwenyewe.

Kwa mwanafunzi, upepo mzuri ni noti 12 hadi 18, yaani kilomita 22 hadi 33 kwa saa, na uwe wa kutulia. Chini ya noti 10 kaiti huanguka majini na haiinuki tena. Utalipia saa nzima ya kuitazama ikielea. Ukipita noti 20, anayeanza hana muda wa kurekebisha kosa. Upepo wa mikupuo, unaolegea kisha ukapiga ghafla, ni mbaya kuliko upepo mkali ulionyooka.

Mwelekeo ni muhimu kuliko nguvu. Paje inatazama mashariki. Kusi inatoka kusini-mashariki na kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo zote mbili hupiga ufuo kwa mshazari kutoka baharini. Ukipoteza ubao au kamba zikisokotana, upepo utakurudisha nchi kavu, hata kama ni mbali na ulipoanzia. Diani na Galu, pwani ya kusini ya Kenya, nazo zina hali hiyo. Ufuo wa magharibi ya Unguja wakati wa kusi ni kinyume chake: upepo unatoka nchi kavu na utakupeleka mkondoni. Mwanafunzi asifundishwe kwenye upepo wa kutoka nchi kavu. Wako wanaosema inawezekana kukiwa na boti ya uokoaji, na ni kweli, mpaka siku injini inapogoma.

Hatua ya 2: Waulize kuhusu maji kabla ya kuuliza bei

Swali moja kwenye simu linachuja shule nyingi: "Wiki ijayo masomo yangu yatakuwa saa ngapi?" Shule inayoijua bahari yake itakuambia usubiri iangalie jedwali la maji. Inayokujibu "kila siku saa 3 asubuhi" inauza muda wa ofisi.

Sababu ni hii. Maji ya Paje yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe ni mapana na mafupi. Wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Maji yakipwa, sehemu kubwa hubaki mchanga, mawe na madimbwi. Yakijaa, hupanda hadi karibu na minazi na kuta, na nafasi ya kurushia kaiti inapotea. Anayeanza anataka maji ya kiunoni hadi kifuani, ambamo anaweza kusimama akapumua na mwalimu akamfikia kwa miguu. Hali hiyo hudumu saa chache tu, na kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50. Somo la Jumatatu saa 3 asubuhi, Ijumaa litakuwa karibu na saa 6 mchana. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na ratiba inalegea.

Kuna jambo jingine la Paje na Jambiani: mwani. Kilimo chake kilianza kibiashara hapa mwaka 1989, na akina mama wengi bado wanakitegemea. Mashamba ni safu za vijiti vilivyochomekwa mchangani na kuunganishwa kwa kamba. Maji yakijaa kidogo, vijiti hivyo havionekani. Vinatoboa kaiti na kuchoma mguu, na kaiti ikiangukia kamba zile unaharibu jasho la mtu. Muulize mwalimu akuonyeshe kwa kidole mashamba yalipo leo na njia ya kupita. Akikosa jibu, hajatembea maji yakiwa yamekupwa.

Hatua ya 3: Vyeti, lakini cha mwalimu, si cha bango

Nembo utakayoiona zaidi ni ya IKO, shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti lililoanzishwa mwaka 2001. Shule nyingine hufuata mfumo wa VDWS wa Ujerumani. Mifumo yote inafaa. Cha kuelewa ni kwamba nembo ya shule haikuambii nani atasimama nawe majini. Uliza:

Jina la mwalimu atakayenifundisha mimi, na kiwango chake. Mwalimu msaidizi ni mtu aliye mafunzoni. Anaruhusiwa kumsaidia mwalimu, hafai kuachiwa mwanafunzi peke yake.

Cheti chake bado kiko hai? Walimu wa IKO wanaweza kutafutwa kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Mwalimu halali haoni vibaya kuangaliwa.

Huduma ya kwanza alijifunza lini mara ya mwisho, na hapa ufukweni sanduku liko wapi? Omba ufunguliwe. Sanduku lenye plasta mbili na dawa ya macho iliyopitwa na wakati si sanduku.

Bima ya shule inalipa nini mwanafunzi akiumia, au akimuumiza mwogeleaji? Taka karatasi. Nayo bima yako ya safari au ya afya isome mwenyewe, maana baadhi huondoa michezo hii kwa jina.

Zanzibar, biashara za utalii hupewa leseni na Kamisheni ya Utalii. Papasi anayekufuata mchangani na kaiti ya kuazima, bei nusu, hana leseni, bima wala boti. Huenda akawa mahiri kuliko walimu wote wa hapo, maana vijana wa Paje na Jambiani wamekulia kwenye upepo huu na wengi ni walimu wazuri sana. Lakini mahiri huyohuyo ukimkuta ndani ya shule yenye vifaa na boti, unapata ujuzi wake na kinga pia.

Hatua ya 4: Simama ufukweni saa nzima, usiseme kitu

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye majibu mengi. Nenda siku yenye upepo, kaa kivulini, tazama.

Anza na mahali pa kurushia. Mabaharia huita upande upepo unakotoka goshini, na upande unakokwenda demani. Demani ya mtu anayerusha kaiti pawe wazi kwa mita 50 au zaidi, yaani urefu wa kamba mara mbili. Hapo asiwepo mtoto anayecheza, mgahawa, mnazi, ngalawa wala waya. Ukiona mwanafunzi anarushiwa kaiti huku demani yake kuna vitanda vya watalii, huna haja ya kuendelea kutazama shule hiyo.

Kisha tazama ukaguzi kabla ya kurusha. Mwalimu mzuri hutembea na kamba zote nne kutoka kwenye fimbo hadi kwenye kaiti, anashika kila fundo, anavuta. Kamba ya mbele ikifungwa mahali pa kamba ya nyuma, kaiti hupanda kwa nguvu zote na fimbo haiiongozi. Hutembea inavyotaka mpaka igonge kitu. Kosa hilo hugunduliwa kwa ukaguzi usiozidi dakika moja, na haraka ndiyo huliruhusu.

Angalia ishara. Kidole gumba juu: niko tayari, rusha. Kiganja kupigapiga kichwa: nataka kushusha. Anayepokea kaiti awe mtu aliyefundishwa, si mpita njia aliyeitwa. Kaiti ikiinuliwa, ipande polepole ukingoni mwa upepo, yaani pembeni mwa anayerusha. Ikipita katikati, moja kwa moja demani, huo ndio mvuto unaomrusha mtu.

Majini, hesabu. Mwalimu mmoja na wanafunzi wawili ni kiasi kizuri. Wanne wenye kaiti mbili ni mwisho kabisa, na hapo utajifunza kidogo. Mwalimu awe majini, umbali wa kumfikia mwanafunzi kwa hatua chache, mara nyingi ameshika mpini wa nyuma wa hanesi yake. Mwalimu anayefundisha kwa kupiga kelele kutoka mchangani, au anayeangalia simu, anakulinda na nini? Redio ndani ya helmeti husaidia sana mwanafunzi akishaanza kwenda mbali, ila haichukui nafasi ya mkono kwenye hanesi siku ya kwanza.

Boti je? Tafuta ilipo, mafuta yake, na jina la nahodha. Boti iliyopandishwa mchangani bila injini ni pambo. Paje kuna wakati maji ni mafupi mno na boti haipiti. Shule inayojua hili haiwapeleki wanafunzi karibu na mlango wa mwamba maji yakianza kupwa, kwa sababu mkondo unatoka hapo kwenda bahari kuu.

Mwisho, ngoja wingu. Likitokea wingu jeusi goshini, upepo hulegea au hubadilika ubaridi dakika chache kabla ya kupiga. Shule makini hushusha kaiti zote wakati bado watu wanacheka. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ikiwa imetoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, uliza siku hiyo kama kuna somo. Jibu la "tutaangalia tukifika" si baya. Jibu la "hakuna shida kabisa" ni baya.

Hatua ya 5: Vifaa

Huhitaji kuwa fundi. Shika na ujaribu vitu hivi.

Kifyatuo cha dharura ndicho cha kwanza. Kiko mbele ya kulabu ya hanesi. Ukikisukuma, kaiti inaachia nguvu na kubaki imeshikwa na kamba moja ya usalama. Mwombe mwalimu avute kamba kwa uzito wake, halafu wewe ufyatue kwa mkono mmoja. Kiachie mara moja. Chumvi na mchanga hukifanya kigande, ndiyo maana kinasuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi kila siku. Kuna kiwango cha kimataifa cha vifyatuo hivi, ISO 21853 cha mwaka 2020. Kifaa cha zamani sana, cha umbo ambalo mwalimu mwenyewe anasitasita kukueleza, kikatae.

Kamba: pitisha vidole. Zikiwa na manyoya, mafundo au sehemu iliyokwaruzwa, zimechoka. Zikivutwa pamoja kwenye nguzo, ncha zilingane. Kamba za nyuma zikiwa fupi, kaiti hurudi nyuma na kuanguka, na mwanafunzi hudhani kosa ni lake. Shule nyingine humwanzishia mwanafunzi kamba fupi, mita 5 hadi 15, kwa sababu kaiti hupata mwendo mdogo na mvuto hupungua. Hiyo ni dalili njema.

Kaiti yenyewe: bonyeza mrija wa mbele baada ya kukaa nusu saa na hewa. Ukilegea, unavuja. Kiraka kilichoshonwa vizuri hakina neno.

Helmeti ikukae, ukitikisa kichwa isizunguke. Jaketi la kuelea liwe lenye nguvu ya kukuelesha kweli, yaani newtoni 50. Vizibao vyembamba vya kukinga kishindo si kitu kilekile. Hanesi isipande hadi kwapani ikivutwa. Kisu kidogo cha ndoano cha kukatia kamba kiwepo kwenye hanesi, walau ya mwalimu. Ubao wa mwanzo uwe mkubwa, sentimita 140 na zaidi kwa mtu mzima. Na wasikufunge ubao mwilini kwa kamba: ukianguka, kamba hujivuta na kukurudishia ubao kichwani. Shule inayofanya hivyo kwa wanaoanza iache.

Hatua ya 6: Waambie wakusomee mpango wa somo

Mpango wa kawaida hadi uweze kwenda peke yako ni saa 9 hadi 12, zikigawanywa vipindi vya saa 2 au 3. Anayekuahidi utasimama juu ya ubao siku ya kwanza anaruka kitu. Mpangilio unaoeleweka ni huu: kusoma upepo na eneo, kufunga vifaa, kifyatuo, mara nyingi hadi mkono uzoee, kuongoza kaiti ndogo, kwa mkono mmoja pia, kuirusha na kuishusha, kuvutwa majini bila ubao, kuinua kaiti iliyoanguka majini, kuvutwa kuelekea goshini ili ukaufuate ubao, kujiokoa kwa kukunja kamba na kuitumia kaiti kama boya na tanga, ndipo ubao.

Kuvutwa kuelekea goshini na kujiokoa ndivyo huachwa, kwa sababu vinachosha na havipendezi kwenye picha. Uliza wazi: "Kujiokoa nitafanya majini mwenyewe, au nitaelezwa tu?"

Kwenye maelezo ya anga, walimu hutumia saa: saa 6 juu ya kichwa, pembeni chini kabisa ni saa 3 na saa 9. Walimu wengine hutaja kwa Kiingereza. Mkubaliane kabla ya kuingia majini mnatumia ipi, pamoja na lugha ya kuambiana "achia". Kichwani mwa mtu aliyeshtuka hakuna nafasi ya kutafsiri.

Wewe nawe uwe tayari. Ujue kuogelea na usiogope maji yakikufika shingoni. Waambie kuhusu bega lililowahi kuteguka, pumu, kifafa au ujauzito. Kwa mavazi, fulana ya mikono mirefu inayobana na suruali yake vinatosha na vinaheshimu kijiji; mtandio uwe ule wa michezo, bila ncha zinazoning'inia. Mwanamke anayetaka mwalimu wa kike aseme mapema, kwani mwalimu atakushika hanesi kutoka nyuma muda mwingi.

Hatua ya 7: Bei na masharti

Linganisha gharama ya saa ya kushika fimbo, siyo ya kozi. Kwa mfano tu: shule moja inataka dola 300 kwa saa 6, wanafunzi wawili kaiti moja. Utaishika saa 3, kwa hiyo kila saa ni dola 100. Nyingine inataka dola 420 kwa saa 6, kaiti yako mwenyewe: dola 70. Ile ya kwanza ilikuwa ghali. Kushirikiana kaiti si kubaya, maana kumtazama mwenzako nako ni somo, mradi bei ikubali. Ukiwa mkaazi, uliza bei ya mkaazi kabla hawajakutajia ya mgeni.

Taka haya kwa maandishi, WhatsApp inatosha: upepo usipovuma saa hazihesabiwi; pesa inarudi au inabaki kama deni, na hadi lini; kaiti ikipasuka ukiwa mwanafunzi nani analipa; muda unaanzia kwenye maji au kwenye kupuliza kaiti. Usilipe kozi nzima. Lipia kipindi cha kwanza.

Hatua ya 8: Kipindi cha kwanza ndicho mtihani wao

Simamisha somo, bila aibu, ukikutana na lolote kati ya haya: umeunganishwa na kaiti kabla hujafyatua kifyatuo hata mara moja, mwalimu amebadilishwa na asiye na jina ulilopewa, unaachwa peke yako na kaiti angani, wanafunzi wameongezeka, upepo umegeuka kutoka nchi kavu na bado mnaendelea. Mwambie mwalimu ashushe kaiti, jifungue, toka majini, na mazungumzo ya pesa yafuate mchangani. Uliza pia, kabla ya kuanza, mtu akivunjika mguu hapa anapelekwa wapi na kwa gari gani. Paje watu huweza kupelekwa Makunduchi au mjini. Diani, hospitali zilizoko Ukunda. Anayekujibu kwa jina la hospitali na namba ya dereva amewahi kulifikiria.

Ukimaliza kozi na unataka kukodi vifaa, shule nzuri itakutaka kwanza uende goshini, urudi pale ulipoanzia, na ujiokoe mbele ya mwalimu. Ikikupa kaiti kwa kuona pesa tu, basi na yule anayekuja upande wako majini huenda amekodishiwa hivyohivyo. Kaa mbali naye urefu wa kamba mara mbili.